Valvu ya Watoto Wachanga

Bomba la jikoni lilidondosha tone moja moja gizani. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na mwanga pekee ulikuwa wa kompyuta yangu ya mpakato.

Nilikuwa naandaa karatasi ya vipimo vya valvu ya oksijeni ya watoto wachanga. Joto likizidi kikomo, valvu hujifunga na mtoto hukosa hewa. Kwenye programu yetu, ukichapisha namba mara moja, inafika hospitali zote.

Fundi alikuwa ameniandikia kikomo cha nyuzi 85. Nikaiingiza, ikageuka 58.

Bosi akapiga simu. "Mama, chapisha basi! Au unasubiri tukuletee tarumbeta?"

"Namba inagoma, bosi."

"Namba haina miguu. Bonyeza, ukalale."

Nikaandika 85 tena. Ikageuka 58 mbele ya macho yangu, na chini yake likatokea jina la aliyehariri: dada yangu mkubwa, niliyerithi kazi yake tulipomzika.

Kidole kilibaki juu ya kitufe cha kuchapisha.

Nyuma yangu mwanangu, niliyedhani amelala, aliinuka kitandani.

"Mama, mpishe mama mkubwa amalize kuandika."