Wiki ya Siku Kumi

Huko Ufaransa, enzi za wafalme wapya, Jogoo alitawazwa kuwa mtawala wa zizi. Kesho yake akatangaza kwamba wiki sasa ina siku kumi, maana kumi inahesabika vizuri kuliko saba. Punda, aliyezoea kupumzika kila siku ya saba, alishusha pumzi tu akaendelea kuvuta mkokoteni.

Kuku alikuwa akiatamia. Siku ya ishirini na moja vifaranga wake sita wakatoka wakilia njaa, naye akaenda kuwaombea ngano.

"Sheria inasema kuku huatamia wiki tatu," alisema Jogoo. "Wiki tatu ni siku thelathini. Hao bado ni mayai, na mayai hayali."

"Mfalme, si unawasikia wanavyolia?"

"Nasikia mayai yenye kelele. Warudishe kwenye maganda!"

Siku hiyo Punda aliwaachia vifaranga nusu ya shayiri yake. "Kuleni, wanangu. Tumbo langu limeshazoea."

Asubuhi Kuku alirudi kwa Jogoo na ganda tupu. "Mfalme, nilikuwapo ulipozaliwa. Nawe ulitoka siku ya ishirini na moja. Tangulia kuingia, wanangu watakufuata."

Zizi zima likacheka. Jogoo akawika kufunika aibu, kisha akatangaza kwamba kwa kuku wote wiki imerudi kuwa ya siku saba.

"Na kwetu punda?" aliuliza Punda.

"Kwani wewe ulitoka kwenye yai? Kavute mkokoteni!"

Kuku akaitazama midomo ya wanawe, ingali na makapi ya shayiri, akashindwa kufurahi.