Mgongo Mmoja

Mtaani kwao, chini ya mlima unaomeguka kila masika, kila asiyeweza kukimbia alipewa mgongo wake, yaani mtu wa kumbeba. King'ora kikilia, mgongo unambeba mtu wake hadi kituo cha juu. Kubeba kifuani kulikatazwa, maana mbebaji haoni ngazi za kupandia. Mgongo mmoja, mtu mmoja.

Bi Semeni, mwenye magoti mabovu, alibebwa na Pili, mke wa mwanawe aliyekuwa kazini mbali. Kila Jumamosi walifanya mazoezi, na walikuwa wamezoeana hata hawaongei njiani.

Pili alipojifungua, mtendaji wa mtaa alikuja kumwona mtoto. Akatoa hongera, akanywa chai, kisha akauliza kwa upole, "Sasa mgongo wako tumwandikie nani?"

Pili akainamia kikombe chake. Aliyejibu ni Bi Semeni.

"Si mtoto, baba? Hilo nalo la kuuliza?"

Mgeni alipoondoka, Bi Semeni aliifua ile mbeleko aliyokuwa akibebewa, akaikata nusu na kuipinda vizuri. "Ilikuwa kubwa mno kwa mtoto," alisema.

Siku chache baadaye, asubuhi ya mvua, king'ora kililia. Pili alimfunga mtoto mgongoni, akasimama mlangoni. Bi Semeni alikuwa anachambua mchele.

"Nenda, mwanangu. Ni mazoezi tu."

"Leo Jumanne, mama."

Bi Semeni akaokota chuya, akaitupa pembeni. "Basi rudishia mlango, mvua inaingia kwenye mchele."

Pili akaurudishia polepole, kwa adabu, kisha akaanza kukimbia.