Herufi za Unga

Siku hiyo Hajara alisoma neno lake la pili, na hakuna aliyekusudia alisome.

Marthe, mfanyakazi wa ndani kwao, nyumbani kwa mwanajeshi pale Mbarara, alikuwa akimfundisha kusoma jikoni kwa unga wa chapati uliokandwa. Kitabu kilimliza mtoto, lakini unga aliupenda. Waliusokota kama kamba nyembamba, wakaukunja kuwa herufi. Neno HAJARA alishalijua.

"Tengeneza ingine," mtoto alisema.

Marthe akasokota huku jicho lake likiwa kwenye kikaango. Vidole vilijiendea vyenyewe.

"Hii ra! Hii ha! Ni ya jina yangu!" Hajara akapiga makofi. "Na hii ya mbele?"

Marthe akatazama mezani.

"Fu," alisema.

"Fu-ra-ha. Furaha ni nani?"

"Mutoto yangu. Iko kule kambi ya wakimbizi Nakivale, kwa dada yangu mukubwa."

"Anajua kusoma?"

"Bado."

"Nani nafundisha yeye?"

Marthe akageukia beseni la maji. Akanawa mikono. Akasugua na kusugua, lakini unga uliogandia kwenye kucha haukutoka. Akaenda sebuleni.

"Mama Hajara, naomba ruhusa niende kuona mutoto yangu."

"Mwisho ya mwezi? Sawa, utaenda."

"Hapana, mama. Leo."

Mama Hajara akaweka simu chini. "Na huyu wangu, naacha na nani?"

Marthe alikuwa ameshaanza kufungua aproni.