Kata ya Nyanjige

Katika shamba la pamba la kijiji cha ujamaa, hakuna mlimaji aliyekunywa maji aliyoyaleta bibi Nyanjige kwa mtungi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia, wanakijiji wakamwita mchawi. Hata katekista, aliyehubiri upendo juzi Jumapili, aliukwepa mtungi wake.

Adhuhuri mke wa katekista akaja, mtoto mgongoni.

"Mayu, mama yangu, nipe maji."

"Huogopi?"

"Naogopa kiu, mayu."

Nyanjige akachota maji kwa kata yake ya kunywea, akampa, akakikazia macho kidole gumba cha mama yule. Je, angefuta ukingo wa kata? Hakufuta. Akanywa nusu, akamshusha mtoto, akamnywesha yaliyobaki.

Majembe yakanyamaza. Katekista akatupa lake, akaja kwa hatua ndefu.

Nyanjige akachota tena, asijue kama katekista anakuja kuyanywa au kuyamwaga.