Sifuri Upande wa Kushoto

Kaka aliisimamisha video pale pale damu ilipoanza kumchuruzika dada yake mdomoni.

"Ngumi ya mia moja sabini na tatu," alisema. "Mkono wa kulia, mbavuni. Sogeza kikombe chako, niandike."

Dada yake alikuwa mchomeleaji wa mageti, na ulingoni mashabiki walimwita Cheche. Alisogeza kikombe, akajitazama kwenye kompyuta akipigwa. Pambano lile lilikwisha sare, naye akaondoka na mbavu mbili zilizovunjika. Jumamosi angerudiana na mwanamke yule yule, msafishaji wa hospitali waliyembandika jina la Deki, wakisema huwatumia wenzake kupigia deki ulingo.

Kaka alikuwa karani wa ghala. Majedwali ndiyo kazi iliyomlisha. Aliingiza kila ngumi ya Deki: raundi, mkono, mahali ilipotua. Kisha akaiandikia akili bandia: "Nitengenezee fomula ya kuhesabu ngumi za mkono wa kulia zilizotua upande wa kushoto wa uso."

Fomula ikaja. Akaibandika. Sifuri.

"Haiwezekani." Akaandika tena: "Inaleta sifuri. Fomula ina kosa?"

Akaambiwa ahakikishe ameandika maneno kwa namna moja katika jedwali zima, kisha achuje safu ya mkono na kuhesabu mwenyewe. Akafanya hivyo. Ngumi tisini na moja za kulia. Mbavu, tumbo, kifua, bega. Usoni kushoto, hata moja.

"Fomula ni sahihi," akili bandia iliandika. "Ila data hii ni ya pambano moja, dhidi ya mtu mmoja. Inaonyesha kwamba hakupiga hapo. Haionyeshi kwa nini. Una mapambano yake mengine tulinganishe?"

"Eti kwa nini!" Kaka alicheka, akafunga kompyuta. "Bega lake la kulia ni bovu, mkono haupandi. Sasa sikiliza, mdogo wangu. Jumamosi usihangaike kujikinga kushoto. Mkono huo ushushe, uutumie kumpigia."

Cheche aliuliza: "Nisijikinge kabisa, Kaka?"

"Mbona umebadilika? Wewe unayechomelea juu ya ngazi bila kamba?"

"Una hakika na hiyo sifuri?"

"Nimeihesabu mara tatu."

Cheche akashusha pumzi ndefu. Tangu wiki ya pambano lile la sare kaka yake alikuwa hajamwona akicheka, sasa alicheka.

Jumamosi asubuhi, kwenye vipimo, alimsomea daktari wa chama cha ngumi herufi za ukutani haraka haraka bila kukodoa macho, kama mtu anayetaja jina lake. Akapitishwa. Saa tisa mchana kengele ikalia.

Deki alikuja kwa mbavu zile zile. Raundi ya kwanza alizitwanga mpaka Cheche akatema kipande cha kinga ya meno. Raundi ya pili alimbana kwenye kamba, akamzamishia ngumi tumboni moja baada ya nyingine, watu wa viti vya mbele wakawa wanaguna kwa kila moja. Cheche alirudi kwenye kona ameinama, mate yake mekundu.

"Shusha mkono!" Kaka alimfokea, huku akimmwagia maji kichwani. "Sifuri ni sifuri!"

Raundi ya tatu akaushusha.

Upande wa kushoto wa uso wake ulibaki wazi kama mlango uliosahauliwa. Deki akauona, kila mtu ukumbini aliuona. Mkono wa kulia wa Deki ukanyanyuka, ukafika karibu kabisa, ukapinda na kutua begani. Ngumi ya kushoto ya Cheche ikampasua nyusi. Mkono wa kulia ukanyanyuka tena, ukasita hewani.

"Unaona? Haufiki!" Kaka alipiga kelele. "Mmalize!"

Cheche akazungusha ngumi kutoka kiunoni. Taya la Deki lililia kama ubao unaovunjwa gotini. Akampiga tena akiwa bado hajaanguka, na tena akiwa anaanguka, mpaka refa alipojitupa kati yao. Meno mawili yalibaki sakafuni. Cheche alivishwa mkanda wa ubingwa akiwa na damu ya mwenzake shingoni, na Kaka akabusu kompyuta mbele ya watu.

Jumatatu mchana walikwenda kumwona Deki hospitalini. Cheche alibeba matunda, kisha akakumbuka kwamba mgonjwa hawezi kutafuna, akayaacha kwa wauguzi. Deki alikuwa kitandani katika wodi aliyokuwa akiisafisha yeye mwenyewe, taya limefungwa kwa waya, uso umevimba hadi macho yamebaki mistari.

"Pole sana, dada," Cheche alisema. "Nilizidisha."

Deki akatikisa mkono: yamekwisha.

Kaka hakuweza kujizuia. "Samahani, dada yangu, nataka tu kukamilisha jedwali langu. Hilo bega la kulia limekusumbua tangu lini?"

Deki alimtazama bila kuelewa. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akanyanyua jagi la maji lililojaa mpaka juu ya kichwa chake, akalizungusha taratibu, akalirudisha mezani pasipo kumwaga tone.

Kaka akalitazama jagi, kisha bega.

Deki akaomba kalamu kwa ishara. Akaandika polepole nyuma ya kadi ya dawa, akampa Cheche, na Kaka akasoma juu ya bega la dada yake:

"Siku daktari wa macho alipokwambia kwamba ngumi moja tu kwenye jicho la kushoto itakupofusha, mimi nilikuwa napiga deki mlangoni."