Tangazo la Saa Kumi na Moja

"Hapo atameza mate," alisema bibi wa kitanda cha saba. Kweli bwana, mtangazaji akanyamaza kidogo kabla ya kutamka jina gumu la waziri wa kigeni.

Wodi nzima ikacheka. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, chai haijaletwa, na bibi alishaikumbatia redio yake isiyo na mgongo, betri zimebanwa kwa plasta ya hospitali.

"Mume wako kaamka vizuri leo," alitania jirani yake wa kitanda cha nane, aliyevunjika mguu na kubatizwa Mama Plasta.

"Ana mafua. Hakuvaa sweta, mjinga yule."

Wenzake walishamzoea. Mtangazaji huyo alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na hakuna nyumba nchini isiyoijua. Kumpenda halikuwa jambo la ajabu. Ila bibi alizidi: kila alipovuta pumzi mtangazaji huyo, yeye aligonga chuma cha kitanda kwa kidole, tak, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Wiki tatu nyuma alikutwa kwenye benchi la mapokezi na mkoba mmoja, redio hiyo, na homa kali. Mlinzi alisema aliletwa na mwanamume bubu. Bubu huyo hakutoa hata mguno. Aliomba kalamu kwa ishara, akaandika "Nakuja sasa hivi," akaenda zake. Sasa hivi yake ndiyo hiyo, wiki tatu.

Homa ilipopoa, bibi aliulizwa jina, mtaa, watoto. Kila swali alilijibu, "Sikumbuki." Alipoulizwa yule bubu ni nani wake, alicheka mpaka akakohoa. Daktari akachoka. Kitanda kilihitajika, na kesho saa tatu asubuhi gari lingempeleka kwenye makao ya wazee wasio na ndugu. Huko watu huenda. Kurudi, hakuna aliyewahi kusikia.

Muuguzi wa zamu ya mchana alikuwa amebakiwa na njia moja tu, matangazo ya redio ya saa kumi na moja jioni. Jana yake aliketi na karatasi pembeni ya kitanda.

"Nipe alama moja tu, bibi. Kitu ambacho wenyewe wakisikia, watajua."

Bibi akapandisha mkono wa gauni. "Andika kovu la pasi. Nilikuwa nanyoosha shati la mwanangu, siku aliyoanza kazi. Alikuwa ananisomea gazeti. Nikanogewa, nikajiunguza."

"Kumbe unakumbuka!"

"Hilo tu, mjukuu wangu. Peleka."

Basi leo ilikuwa siku ya kusubiri. Saa tatu ilikuwa zamu ya wakulima, na wodi ikajifunza namna ya kuchanja kuku ambao hakuna aliyekuwa nao. Saa tano, kipindi cha afya; Mama Plasta akabishana na daktari wa redioni mpaka mwisho. Saa saba zikaja barua za wasikilizaji. Mtangazaji alisoma ya mtu ambaye mkewe na mama yake hawapikiki chungu kimoja. Mtaalamu akashauri subira.

"Subira ya nani?" aliuliza bibi.

Saa tisa betri zikaanza kufa. Muuguzi akazichomoa, akazianika juani dirishani, mahali unapoonekana mnara wa redio, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mchezo wa redio ukawapita na Mama Plasta akanuna. Bunge nalo likawapita, na hakuna aliyenuna. Bibi hakuondoa macho dirishani.

Saa kumi na moja kasorobo betri zilirudishwa. Muuguzi alikuwa roho juu kuliko mwenye shida. Kukatangazwa msiba, kisha mbuzi wawili waliopotea, kisha cheti kilichookotwa sokoni.

"Uongozi wa hospitali kuu unawatafuta ndugu wa mama mwenye umri wa miaka kama sabini." Tak. "Ni mwembamba, mweusi, mrefu wa wastani." Tak. "Mkono wa kulia ana kovu."

Tak, kidole kikagonga. Sauti haikuendelea.

"Betri!" Muuguzi akaipiga redio kofi. Bibi akamshika mkono, akamzuia.

"Kovu la pasi," ilisema redio. "Anayemfahamu afike kabla ya saa tatu kesho asubuhi." Kisha, kwa sauti ileile tamu, ikawatakia wasikilizaji wote jioni njema, na muziki ukapigwa.

Saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa haijaisha. Kila mlango ulipolia, muuguzi aligeuka. Waliingia wa Mama Plasta, sita kwa mpigo, na chupa ya uji. Waliingia wa kitanda cha tatu. Kengele ikapigwa, wote wakatoka, na kiti cha kitanda cha saba kilikuwa hakijavutwa.

Muuguzi akakaa juu yake, machozi yanamlenga. "Usife moyo, bibi. Labda yule bubu hana redio."

Bibi akaizima ya kwake. Akazitoa betri moja moja, akamwekea muuguzi kiganjani.

"Si bubu yule," alisema. "Umeshinda ukimsikiliza tangu asubuhi."