Njia ya Kurudi

Kompyuta ya mapokezi ilikuwa imerudi tena uzeeni.

Asubuhi Fundi aliiacha na mfumo endeshi mpya, inang'aa kama bwana harusi. Watu wametoka kula, wamerudi, skrini inaonyesha mfumo wa zamani bila haya. Wiki iliyopita zilikuwa kompyuta za stoo. Kabla ya hapo, za ofisi ya madereva. Akimaliza idara hii, ile inamponyoka.

Na Jumatatu ijayo kulikuwa na kazi inayomngoja mji mwingine, kazi ya kwanza aliyoipata bila kushikwa mkono na mtu. "Usipofika, tunachukua mwingine," walimwambia. Leo Alhamisi.

Angeweza kujiondokea. Lakini kampuni ni ya Mjomba, na Mjomba ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipozikwa. Fundi alimpa neno: hatoki mpaka kila meza iwe na mfumo mpya. Neno hilo sasa lilimkaba kama kola ya shati la shule.

"Kuna mtu ananihujumu, Mjomba."

"Nani akuhujumu wewe?" Mjomba alicheka. "Labda mashine zimekuzoea. Hebu njoo unichapie hii barua, mpwa wangu. Nikianza mimi na hiki kidole kimoja, tutaimaliza mwakani."

Fundi akachapa, meno ameyauma.

Mfumo wa zamani ulibaki umefichwa ndani ya kila mashine hadi zoezi liishe. Hilo lilikuwa sharti la Mjomba walipokuwa wakipanga: "Usiwazibie watu njia ya kurudi." Ila kuurudisha kulitaka amri ndefu, ya kuandikwa bila kukosea hata nukta. Fundi aliifundisha mara moja tu, siku ya semina. Nusu ya ukumbi ilisinzia. Mjomba, kiti cha mbele, alikoroma, kofia usoni. Aliyeikamata ni mhasibu peke yake, Mama Hesabu, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Naye hakuficha chuki yake. "Hiyo mpya yenu inanikodolea macho," alisema. "Ukiileta mezani kwangu naifunika kitambaa."

"Mama, nakuomba. Nina safari."

"Safari nenda. Mimi nimekushika mguu?"

Ijumaa asubuhi Fundi alirudia mapokezi, akamalizia na meza ya Mama Hesabu. Sasa zote zilikuwa mpya. Zikifanya kazi mpaka jioni bila hitilafu, angefunga njia ya kurudi kote, apande basi.

Wakati wa chakula cha mchana ulipofika, hakwenda kula. Alijipenyeza kwenye kijichumba cha skrini mbovu, kando ya ofisi ya uhasibu, akauacha mlango na upenyo wa jicho moja. Mgongo ukutani, magoti kidevuni, vumbi puani. Maneno alikuwa nayo tayari. Leo atayamwaga yote, mama mtu mzima au si mtu mzima!

Mama Hesabu alichukua mkoba wake, akatoka, akiimba.

Ofisi ikanyamaza. Fundi akaanza kujiona mjinga.

Kisha nyayo zikarudi, polepole, za mtu asiyetaka kusikika. Fundi akakunja ngumi, akavuta pumzi.

Alikuwa Mjomba.

Pumzi ikamtoka. Maskini, bila shaka ana barua nyingine, anamtafuta wa kumchapia. Fundi alishika kitasa amwite.

Mjomba akachungulia korido, akavuta kiti cha Mama Hesabu, akaketi. Akafuta machozi kwa ncha ya shati. Halafu vidole vyake vyote kumi vikaanza kuikimbiza ile amri ndefu juu ya kibodi, bila yeye kukitazama.